Feni ya Mkwe

Sifa ni zako, Mungu uliyeuumba upepo usiwe na rangi wala umbo, ukatuachia sisi tuutambue kwa majani yanavyoinama na moshi unavyolala. Umenifikisha uzeeni ningali na akili ya kukumbuka na mkono wa kuandika. Nakushukuru kwa pumzi ya leo, na kwa watu ulionipa nyumbani mwangu. Haya ninayoyaeleza uyaongoze, yasiwe ya kujisifu, maana humo ndani nina kosa langu.

Nyumba yetu iko Chapwa, hapa Tunduma, kando ya barabara kuu, mahali ambapo malori hupanga foleni yakisubiri kuvuka mpaka. Tulipohamia hapa, mimi na mke wangu, hapakuwa na foleni wala mtaa. Nilikuwa mwalimu wa kanisa, nimetumwa kulea kundi dogo la waumini waliokuwa wakisali chini ya turubai. Tulifyatua tofali wenyewe, na mahindi yetu yalikuja mpaka mlangoni. Leo ukisimama uani kwetu unaona paa juu ya paa, ghorofa la jirani upande mmoja na ukuta wa yadi ya magari upande wa pili. Silalamiki. Watu wamekuja, na kanisa limejaa. Lakini zipo asubuhi ninapoamka nikaukumbuka ule uwazi, nikakaa kidogo kitandani kabla ya kushusha miguu.

Nyuma ya jiko letu ardhi huanza kuteremka kuelekea bondeni. Hapo ndipo mke wangu alipopepetea ulezi kila mwaka. Kipupwe kikiingia, upepo mkavu hutoka mashariki, hupita kati ya vilima na kuja kutokea kwenye kona ile kama ng'ombe wanaoijua njia ya zizini. Alikuwa akisimama ameupa upepo ubavu, ungo ameuinua usawa wa bega, anaacha ulezi udondoke taratibu kwenye mkeka. Punje zilianguka miguuni pake na makapi yakaruka kwenda zake. Upepo ukitulia, alipiga mluzi. Ndivyo wafanyavyo wanawake wa kwetu: mluzi mwembamba, mrefu, wa kuuita upepo urudi.

Mimi nilimkataza. Nilikuwa kijana, nimetoka chuoni juzi na mafundisho yakiwa bado ya moto kichwani. Nikamwambia upepo una Mwenyewe, hauitwi kama mbwa. Alinitazama, na tangu siku ile akapepeta kimya. Kwa miaka mingi nilidhani pale nilikuwa nimeitetea imani. Sasa najua nilikuwa nimeinyamazisha bure sauti moja nzuri iliyokuwa nyumbani mwangu.

Binti yetu aliolewa na kijana wa ng'ambo ya mpaka, upande wa Nakonde, Zambia. Si mgeni kwetu. Babu yake na babu yangu walilima bonde moja kabla mpaka haujawa na geti. Kwa hiyo mila zake ni mila zetu, na mila yetu kuhusu ukwe ni nzito. Mkwe wa kiume na mama mkwe hawaonani uso kwa uso. Wakikutana njiani, mmoja huingia porini, na mjini huingia dukani. Mkwe haingii chini ya paa la mama mkwe wala hapandi juu ya paa hilo. Maneno yao hupitia kwa mtu wa tatu. Yote haya hudumu mpaka siku mkwe anapoingizwa, na haingizwi mpaka amalize kazi ya mikono yake nyumbani kwa mama mkwe, kazi inayoonekana kuzaa. Zamani ilikuwa kumfyekea shamba na kulilima. Kazi ikizaa, mama mkwe hupika, wazee hukusanyika, na yeye huinua kichwa akamtazama mkwe wake kwa mara ya kwanza.

Kuna jambo jingine kuhusu kazi hiyo. Kabla haijaisha, mama mkwe haruhusiwi kuitia dosari. Akiitia, husemwa ameikataa, na wazee wa upande wa pili lazima waje waanze tena tangu mwanzo.

Baada ya harusi kijana wetu alikwenda kwenye migodi ya Zambia, akakaa huko miaka minane. Alikuwa akija Krismasi, anasalimia akiwa getini, anaondoka. Mke wangu alijua kikohozi chake, na alijua anavyokanyaga kokoto. Uso wake hakuujua, isipokuwa kwenye picha ya harusi, ambapo jua lilimpiga akafumba macho. Aliporudi kwa kudumu, alirudi na ufundi wa kusuka upya nyaya za mota zilizoungua, akafungua karakana karibu na stendi.

Mwaka huohuo macho ya mke wangu yakaanza kuondoka. Nilimpeleka hospitali, daktari akatueleza kwa upole kwamba ni presha ya macho. Dawa ya matone ingechelewesha tu, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Giza lilianzia pembeni. Tukiwa njiani kurudi aliniambia anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na bomba linazidi kuwa jembamba.

Hakulia. Alisema jambo moja tu, nasi tukiwa tumekaa kwenye kiti cha nyuma cha basi. Alisema wajukuu ameshawaona, na mimi ameniona. Anataka kumwona mume wa mwanawe kabla bomba halijaziba.

Mimi, mtu wa njia za mkato, nikamwambia amchungulie dirishani siku akija.

"Nimchungulie mkwe wangu kama mwizi?" akasema. "Namtaka ajue kwamba namwangalia, Mwalimu."

Binti yetu alimfikishia mumewe habari. Siku ya pili yake kijana alikuja, akakaa kwenye kigoda nje ya geti, akaniomba niwaulize wazee neno lake. Alisema hapa mjini hana shamba la kumlimia mama. Lakini umeme wa mtaa wetu unakatika mara kwa mara, na chumba cha mama kimezibwa mwanga na ghorofa la jirani, naye anatumia macho aliyobakiwa nayo kwenye giza. Je, akitengeneza mashine ya upepo, ikamwashia mama taa isiyotegemea nguzo za barabarani, itahesabiwa kuwa kazi?

Wazee walicheka kwanza. Mmoja aliuliza kama upepo nao huota magugu. Kisha wakakubali, wakaweka sharti: taa iwake chumbani kwa mama mkwe wiki nzima bila kufa. Hapo ndipo ataingizwa.

Nikumbukapo majuma yale ya kutengeneza, moyo wangu hupata joto. Alikata mapanga matatu kutoka bomba la plastiki, akayapiga msasa mpaka yakawa laini kama mwiko wa zamani. Alisuka nyaya za shaba kwa mkono, mzunguko baada ya mzunguko, binti yetu akihesabu kwa sauti. Alitafuta sumaku kwenye spika mbovu. Alichomelea kitovu cha kuyashika mapanga kutoka gurudumu la pikipiki, akaweka beringi mpya, na nyuma akafunga mkia wa bati ili mashine ijigeuze kuufuata upepo. Majirani wakaipa jina kabla haijapanda: feni ya mkwe.

Swali likawa pa kuiweka. Juu ya nyumba haikuwezekana, hilo kila mtu alilijua. Hata kama isingekuwa mila, aliniambia mtikisiko wake ungepasua kuta. Basi akachagua getini, kando ya barabara, na sababu yake ilionekana ya akili kabisa. Juma lile mpakani malori yalikuwa yakipita kwa kasi. Kila lori lililopita lilisukuma upepo ukaja kutupiga usoni. Tuliinua mashine juu ya bomba la chuma, tukalifunga nyaya pande tatu, mimi nikavuta waya wa betri na taa mpaka chumbani kwa mke wangu kwa kuwa yeye haingii, na lori la kwanza likaizungusha mpaka ikawa duara jeupe. La pili likaizungusha. Kijana alicheka kama mtoto. Nami nilimtukuza Mungu kwa sauti kwamba hata malori yanayobeba shaba yanaweza kutuwashia taa sisi wazee.

Mke wangu alikuwa jikoni, amejifungia kama mila inavyotaka. Jioni ile aliniuliza mashine imewekwa wapi. Nikamweleza. Akasema:

"Mwambie mkweo upepo hauko getini."

Nikamwambia nimeiona kwa macho yangu ikizunguka.

"Hiyo ni pumzi ya magari. Foleni ikirudi utaona. Upepo uko nyuma ya jiko, na yeye hawezi kuujua maana hajawahi kukaa huku. Mwambie."

Foleni ilirudi siku ya nne. Wakazi wa Tunduma wanaijua foleni hiyo. Malori yalisimama mbele ya nyumba yetu bampa kwa bampa, marefu kuliko ukuta, madereva wakipika ugali kati ya matairi. Hayakutoa upepo tena, na hata ule mdogo uliokuwa ukipita barabarani sasa yaliuzuia. Feni ilisimama. Ilitikisika kidogo mchana, ikasimama tena. Taa ya mke wangu iliwaka siku mbili kwa nguvu iliyokuwa kwenye betri, ikafifia, ikafa. Dereva mmoja wa Zambia, aliyekaa pale siku nyingi mpaka akawa kama jirani, aliniita kila asubuhi, "Bashikulu," yaani babu kwa lugha yao, "hiyo ndege yenu itaruka lini?" Nami nilimpungia mkono, nikarudi ndani.

Kijana aliongeza urefu wa bomba. Akabadilisha mapanga. Akafungua beringi, akazisafisha, akazirudisha. Wiki ikawa mbili, ikawa mwezi.

Na mimi nilikuwa na neno la mke wangu mdomoni, nikalimeza. Hili ndilo kosa langu. Nilijiambia kwamba nikilifikisha, litakuwa dosari ya mama mkwe juu ya kazi ya mkwe. Wazee wa ng'ambo wataitwa, na mambo yataanza upya. Nilijiambia ninamlinda. Lakini nikiwa mbele za Mungu nakiri kwamba kulikuwa na jambo jingine pia. Nilikuwa nimemshukuru Mungu hadharani kwa feni ile pale getini, na sikutaka kuonekana nilishukuru mapema. Mke wangu aliniuliza mara ya pili kama nimesema. Nikamjibu tuombe, tusubiri. Hakuniuliza mara ya tatu. Alianza kugusa ukuta anapotoka chumbani.

Siku moja asubuhi kijana alikuwa juu ya ngazi pale getini, bisibisi mdomoni. Ukiwa juu ya ile ngazi unaona ua wetu wote mpaka bondeni. Kwa kawaida akifika tu, binti yetu alikuwa akigonga mlango wa jiko na mama yake anajifungia. Asubuhi ile aligonga, na mlango haukufungwa. Nilikuwa nimeshika ngazi. Niligeuka nikamwona mke wangu akitoka na ungo, mkeka kwapani, amejifunika kitenge kuanzia kichwani, akipapasa njia kwa mguu. Alikwenda mpaka kwenye kona yake nyuma ya jiko. Alimpa kijana mgongo kabisa, kama sheria inavyotaka. Akatandika mkeka, akainua ungo usawa wa bega.

Kisha akapiga mluzi.

Sikuwa nimeusikia tangu ujana wetu. Ulikuwa umechakaa kidogo, meno mengine hayapo, lakini ulikuwa uleule. Kijana akageuza kichwa. Ulezi ulianza kudondoka, na makapi yakatoka kwenye ungo yakiwa yamelala, hayapandi wala hayashuki, yakapita juu ya ukuta wa jirani na kuendelea. Hapa getini, hatua chache tu kutoka pale, hata kitambaa kilichofungwa kwenye nguzo hakikutikisika. Alipepeta mpaka ungo ukabaki mtupu. Akauchota tena mkekani, ulezi uleule ambao tayari ulikuwa safi, akaupepeta mara ya pili. Hapo nikajua hakuwa na ulezi wa kusafisha.

Kijana alishuka. Alitoa bisibisi mdomoni, akaifuta kwenye suruali.

"Baba," akasema, "mama amejua tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Na wewe?"

Niliangalia chini. Nikamwambia, na mimi.

Aliitazama feni iliyosimama, kisha ile kona ya jiko, kama mtu anayehesabu jambo ambalo hataki kulijumlisha. Afadhali angenigombeza, lakini mkwe hamgombezi baba mkwe. Alisema tu, "Basi tuhamishe nguzo, Baba. Shika upande huo."

Tulihamisha siku ileile. Binti alibeba nyaya, mimi nikachimba shimo, na sijawahi kuchimba kwa haraka vile hata nilipokuwa na miaka thelathini. Wazee walipopata habari, mmoja wao alikuja kuuliza kama ni kweli mama mkwe ameitia dosari kazi. Kijana akamjibu akiwa ameinama kwa heshima zote: yeye alichokiona ni mwanamke anapepeta ulezi. Neno hakusikia hata moja. Mzee akamtazama, akanitazama na mimi, akasema ulezi lazima upepetwe, akaenda zake.

Nyuma ya jiko feni ilizunguka. Haikuwa kwa vishindo vya lori. Ilizunguka kwa mwendo mmoja wa subira, asubuhi mpaka alasiri, na ikalala kidogo upepo ulipolala. Taa iliwaka chumbani siku ya kwanza, na ya pili. Sitaki kukuza mambo: haikuwa umeme wa kuendesha mashine ya kusaga. Ilikuwa balbu moja, redio, na simu za nyumba nzima. Lakini iliwaka siku saba bila kufa, na siku ya nane mke wangu akaanza kuandaa chakula cha kumwingizia mkwe.

Wazee walikaa uani mchana kweupe. Mke wangu alikaa kwenye mkeka amefunikwa kitenge, na kijana akaletwa akatembea kwa magoti mpaka mbele yake. Shangazi wa binti yetu akatamka maneno ya desturi. Mke wangu akakifunua kitenge mwenyewe.

Alimtafuta. Sote tuliona anavyomtafuta, uso wake ukihama huku na huku, maana lile bomba lilikuwa limebaki dogo sana. "Sogea," akamwambia. "Kushoto kwako. Rudi kidogo. Hapo, usitikisike." Kisha akaanza kumsoma, paji la uso kwanza, halafu jicho moja, halafu la pili, akashuka kwenye pua, akafika kidevuni, akarudi juu. Ilichukua muda. Wazee wengine walikohoa. Yeye hakuharakisha.

"Kumbe ndiyo wewe," akasema. "Nilikudhania mrefu."

"Nilikuwa mrefu, Mama. Miaka minane ya kuinama imenipunguza."

Ua mzima ukacheka, isipokuwa yeye. Alikuwa bado anamwangalia. Akanyoosha kidole akamgusa juu ya nyusi.

"Hapa una kovu. Nani alikuumiza?"

"Mota, Mama. Waya uliruka."

"Uwe unavaa miwani," akasema. Ndipo akamega tonge la ugali, akalichovya, akamlisha.

Masika mawili yamepita tangu siku ile. Macho yake yamefunga sasa, kabisa, kama daktari alivyosema. Upepo mkali ulivunja panga moja mwaka jana, kijana akalitengeneza, akaunga na feni nyingine kwa jirani mwenye ghorofa, aliyekuja mwenyewe kuomba aoneshwe pa kuiweka. Mke wangu ndiye aliyeulizwa. Alipelekwa mpaka kwenye ua wa watu, akasimama, akageuza shavu huku na huku, akasema hapa.

Jumapili kijana ndiye anayemshika mkono kumpeleka kanisani. Mtu ambaye zamani hakuthubutu kukanyaga kivuli chake sasa humwambia, Mama, hapa kuna mtaro, inua mguu. Wakati mwingine nawafuata nyuma, nikamsikia mke wangu akimwelezea binti mdogo wa jirani jinsi mkwe wake alivyo: pua ya baba yake, jicho la kushoto dogo kuliko la kulia, kovu juu ya nyusi. Hakosei hata kimoja.

Majuma yale niliyofunga mdomo yalinisumbua muda mrefu. Yalikuwa majuma ya macho yake, na mimi ndiye niliyeyatumia. Juzi tukiwa tumekaa uani nikamwomba msamaha kwa mdomo, maana nilikuwa nimeomba kwa Mungu mara nyingi lakini kwake bado.

"Nilichokiona kinanitosha," akasema. "Kama ni kujutia, wewe ndiye nimekutazama miaka mingi mno, Mwalimu. Ningepunguza hapo."

Akacheka mpaka akashika ubavu, nami nikacheka naye. Kisha akapiga mluzi kidogo, bila sababu yoyote, na mimi nikautegea sikio mpaka ulipoisha.

Wewe uliyefika hapa kwa kusoma, Mungu akubariki. Akupe mtu wa kumtazama polepole, na akupe muda wa kumtazama. Neno jema likiwa mdomoni mwako, akufungulie mdomo ulifikishe mapema. Na siku macho yako yatakapochoka, nyumba yako iwe na mkono wa kukushika. Amina.